Baba, Unakunywa Kiasi Gani?

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwa kaka yangu, Temeke, tukisubiri chai, mara ikapigwa hodi. Aliyeingia alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kitambulisho shingoni na dodoso mkononi. Akatuamkia, tukamwitikia, akapewa kiti. Alieleza kwa adabu kwamba yeye ni mdadisi anayekusanya takwimu za afya za kaya, kwamba nyumba ile imechaguliwa kwa bahati nasibu, na kwamba majibu yote atakayopewa yatakuwa siri.

Siri yenyewe ilikuwa ngumu kuitunza. Shemeji alikuwa kizingitini akipepeta mchele, binti yao mkubwa, Neema, alikuwa mezani akifanya hesabu za shule, nami nilikuwa pale pale na masikio yangu mawili. Maswali ya kwanza yalipita bila taabu: mnaishi wangapi, maji mnateka wapi, nani amekwenda hospitali mwezi huu. Kisha mdadisi akafungua ukurasa mwingine.

"Baba, unatumia kinywaji chochote chenye kileo?"

"Mara moja moja, mwanangu."

"Kwa wiki ni mara ngapi, baba, na kiasi gani?"

"Jumamosi tu. Bia mbili. Zikizidi sana, mbili."

Binti akaandika mbili. Shemeji akanyanyua ungo wake akaingia jikoni bila kusema neno.

Ndugu msomaji, sitaki umdhanie kaka yangu kuwa mwongo. Nitamrudia baadaye, kwa maana kisa chake hakikuishia barazani. Lakini tangu siku ile, kila ninaposoma gazetini kwamba asilimia fulani ya wananchi wa nchi fulani wanakunywa pombe, na kwamba ulevi umepanda au umeshuka, huuona uso wa yule binti akiandika mbili. Takwimu zote za unywaji, za mataifa makubwa na madogo, huanzia katika swali kama lile na jibu kama lile. Kwa hiyo inatupasa kujua takwimu hizo hupatikana vipi, zinasema kweli wapi, na zinateleza wapi. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Kwa kutegemea takwimu hizo huamuliwa ni nani asaidiwe na ni nani alaumiwe, na katika nyumba zetu lawama hugawiwa upesi kuliko msaada.

TAIFA LINALOJIULIZA TANGU 1939

Marekani ni miongoni mwa nchi zilizowauliza wananchi wao swali hili kwa miaka mingi na kwa njia nyingi, kwa hiyo ndiko tunakoweza kujifunza vizuri faida na hatari zake. Shirika la kupima maoni la Gallup lilianza kuuliza mwaka 1939. Swali lenyewe ni jepesi: je, huwa unatumia pombe kali, mvinyo au bia, au hunywi kabisa? Mwaka ule wa kwanza asilimia 58 walisema wanatumia. Idadi ilifika kilele cha asilimia 71 kati ya 1976 na 1978. Mwaka 2025 ilishuka hadi asilimia 54, ambayo ni ya chini kuliko zote katika historia ya swali hilo.

Mtu akisoma tarakimu hizo tatu anaweza kusema: Wamarekani wameanza kuiacha pombe, na hadithi imekwisha. La hasha. Wastani wa taifa ni kama wastani wa joto la nyumba yenye mgonjwa wa homa na mtoto aliyetoka kuoga maji baridi. Ukitaka kujua hali ya kila mmoja, huna budi kuwapima mmoja mmoja. Ndiyo maana watafiti huwagawa watu kwa umri, kwa jinsia, kwa elimu, kwa kipato na kwa mahali wanapoishi. Wamarekani walipogawanywa hivyo, yaliyoonekana yaliwashangaza wengi.

VIJANA WAMESHUKA, WAZEE WAMEPANDA

Tuanze na vijana, kwa sababu ndio wanaosutwa kila penye gumzo la ulevi. Tangu mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikiwauliza wanafunzi wa shule za sekondari wa Marekani, kila mwaka, darasani mwao, kama wametumia pombe na vileo vingine. Mwaka 1979 wanafunzi 88 katika kila 100 wa darasa la mwisho walisema walikuwa wamekunywa pombe katika miezi kumi na miwili iliyopita. Mwaka 2024 waliosema hivyo walikuwa kama 42 tu. Swali ni lile lile, darasa ni lile lile, na idadi imepungua kwa zaidi ya nusu.

Mwelekeo huo haukukomea shuleni. Gallup ilipolinganisha miaka ya 2001 hadi 2003 na miaka ya 2021 hadi 2023, iliona kwamba watu wenye umri wa miaka 18 hadi 34 wanaotumia pombe walikuwa wameshuka kutoka asilimia 72 hadi 62. Katika muda huo huo, waliotimiza miaka 55 na kuzidi walikuwa wamepanda kutoka asilimia 49 hadi 59. Kikundi kimoja kimeteremka pointi kumi na kingine kimekwea pointi kumi. Ukivichanganya katika wastani mmoja, kila kimoja kinaficha alichofanya mwenzake.

Fikiri, msomaji, maana ya jambo hili kwa mtu mwenye dhamana ya afya ya umma. Angetegemea maneno ya barazani tu, angemaliza fedha zake zote kuwahubiria vijana, huku babu na bibi wakiongeza gilasi kimya kimya. Na mwili wa mzee hauichukulii pombe kama mwili wa kijana. Maji ya mwilini hupungua kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo kiasi kile kile cha kileo humpanda mtu zaidi. Juu ya hayo kuna dawa za shinikizo la damu, za kisukari na za usingizi, ambazo nyingi hazipatani na pombe.

Hata hivyo, tusiukubali utafiti wa shuleni bila kuuhoji. Mwanafunzi anayeulizwa ni yule aliyekuja darasani siku ile. Aliyeacha shule hayumo katika hesabu, na mtoro hayumo pia, ilhali hao ndio ambao mara nyingi wako hatarini zaidi. Kwa hiyo kiwango chenyewe huenda kiko chini ya ukweli. Lakini kwa kuwa kasoro hiyo imekuwapo miaka yote, mteremko wa kutoka 88 hadi 42 hauwezi kuelezwa na utoro peke yake. Hapo tunapata somo la kwanza: utafiti unaoweza kukosea kiwango bado unaweza kusema kweli juu ya mwelekeo, mradi uwe umeuliza kwa namna ile ile mwaka baada ya mwaka.

AKINA MAMA

Jambo la pili lililojitokeza linahusu wanawake. Zamani, karibu kila mahali, pombe ilikuwa jambo la wanaume, na mwanamke mlevi alisimuliwa kama kioja. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi ya wataalamu waliokusanya pamoja tafiti 68 za mataifa mbalimbali, zenye zaidi ya watu milioni nne waliozaliwa kati ya 1891 na 2001. Waliwapanga watu hao kwa miaka ya kuzaliwa. Miongoni mwa waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, uwezekano wa mwanamume kuwa mnywaji ulikuwa mara 2.2 ya ule wa mwanamke. Miongoni mwa waliozaliwa mwishoni mwa karne hiyo, tofauti ilikuwa imebaki mara 1.1 tu. Kwa maneno mengine, karibu wamelingana.

Hapa tunaweza kuyapima maneno ya madodoso kwa kipimo kingine kisichojua kuona haya, nacho ni daftari la vifo. Idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilihesabu kwamba vifo vilivyotokana na unywaji wa kupindukia vilikuwa 137,927 kwa mwaka, kwa wastani, katika 2016 na 2017. Katika 2020 na 2021, miaka ya UVIKO-19, wastani huo ulifika 178,307. Ni ongezeko la asilimia 29. Kwa wanaume ongezeko lilikuwa asilimia 27, na kwa wanawake asilimia 35. Wanaume wanaokufa bado ni wengi zaidi, lakini kasi ya wanawake ndiyo kubwa.

Nayataja haya kwa tahadhari, kwa maana najua yupo msomaji ambaye tayari anatafuta maneno ya kumkaripia dada yake. Takwimu hizi hazikukusanywa kwa ajili ya kukaripia. Maana yake ni kwamba zahanati inayomuuliza kila mwanamume juu ya pombe na kumpita kila mwanamke kwa kudhani kwamba hanywi, inawaacha wagonjwa wake nje ya mlango.

TAFITI MBILI, MAJIBU MAWILI

Sasa tufike mahali penye utata. Kati ya mwaka 2001 na 2002 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia madhara ya pombe iliwahoji watu wazima 43,093 nchi nzima. Miaka kumi na moja baadaye, 2012 na 2013, ikawahoji wengine 36,309. Matokeo yalipolinganishwa na kuchapishwa mwaka 2017, yalitisha. Watu waliokuwa na tatizo la pombe, yaani walioshindwa kuitawala au walioendelea kunywa ijapokuwa inawaharibia kazi, afya au ndoa, walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 8.5 hadi 12.7. Kwa wanawake ongezeko lilikuwa karibu asilimia 84, na kwa wenye miaka 65 na zaidi tatizo lilikuwa limezidi maradufu.

Lakini serikali hiyo hiyo ina utafiti mwingine mkubwa wa majumbani, unaofanywa kila mwaka na kuwahoji watu wapatao 70,000 kuanzia umri wa miaka 12. Utafiti huo ulionyesha kwamba tatizo la pombe lilikuwa asilimia 7.7 mwaka 2002, na likashuka hadi asilimia 6.6 mwaka 2013. Nchi ni moja na miaka ni ile ile, ila mmoja unasema moto unawaka na mwingine unasema moto unafifia. Tumwamini nani?

Wataalamu walipochungua waliona kwamba jibu limo katika namna ya kuuliza. Katika ule utafiti wa kwanza, mdadisi alikaa uso kwa uso na mhojiwa na kumsomea maswali. Katika huu wa kila mwaka, tangu 1999, mhojiwa hupewa kompyuta na visikizio vya masikioni, akalisikia swali peke yake na kubonyeza jibu mwenyewe, hata mdadisi asijue amejibu nini. Mtu huiambia mashine mambo ambayo hangemwambia binti wa watu aliyeketi mbele yake.

Tena, ule utafiti wa kwanza haukufanywa kwa namna moja mara zote mbili. Safari ya kwanza wadadisi walikuwa watumishi wa idara ya sensa. Safari ya pili kazi ilipewa kampuni ya binafsi. Safari ya pili wahojiwa waliombwa pia kutoa mate ya kupimwa maabara, jambo ambalo halikuwapo mwanzoni. Safari ya kwanza watu 81 katika kila 100 walioombwa walikubali kuhojiwa; safari ya pili walikubali 60 tu. Je, wale 40 waliokataa wanafanana na wale 60 waliokubali? Hilo ndilo swali linalomkosesha mtakwimu usingizi.

Mwaka 2018 wataalamu wengine walijumlisha tafiti sita za kitaifa za Marekani za kuanzia mwaka 2000 hadi 2016. Walichokiona kilikuwa katikati: unywaji ulikuwa umeongezeka, lakini polepole, na ongezeko lilikuwa zaidi kwa wanawake na kwa watu wa umri wa miaka hamsini na kuendelea. Basi ile habari ya moto mkubwa ilikuwa imetiwa chumvi na mabadiliko ya kipimo, lakini haikukosea ilipoonyesha ni nyumba gani zinazotoa moshi. Ndiyo sababu mtu mwenye busara hashikilii utafiti mmoja. Huuliza pia tafiti nyingine zinasemaje, na daftari la vifo linasemaje.

CHUPA YAKO SI CHUPA YANGU

Hata mhojiwa akiwa mkweli kama mizani ya dhahabu, kuna shida ya kipimo. Wamarekani huhesabu kwa kinywaji kimoja, na maana yake ni gramu 14 za kileo halisi, zilizomo katika kopo la bia la mililita 355 lenye nguvu ya asilimia 5. Waingereza huhesabu kwa kipimo cha gramu 8. Dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye kutumiwa katika nchi nyingi hukadiria gramu 10. Kwa hiyo Mwingereza akisema vinne na Mmarekani akisema vinne, hawajasema jambo moja.

Sasa chukua bia ya chupa kubwa ya mililita 500, yenye nguvu ile ile ya asilimia 5. Ndani yake mna gramu 20 hivi za kileo. Chupa nne zina gramu karibu 80, ambazo kwa hesabu ya Marekani zinazidi vinywaji vitano. Katika utafiti wao wa kila mwaka, mwanamume aliyekunywa vinywaji vitano au zaidi kwa kikao kimoja huhesabiwa kuwa amekunywa kwa kupindukia. Hivyo mtu wa Dar es Salaam anayesema kwa unyenyekevu, "Nilipata nne tu," angeandikwa chini ya mstari ilhali kwa kweli amekwisha kuuvuka.

Mstari wenyewe nao huhama. Hadi mwaka 2014 utafiti huo uliweka vinywaji vitano kwa wanaume na wanawake sawasawa. Kuanzia 2015 mstari wa wanawake ulishushwa hadi vinne, kwa sababu za kitabibu zilizo sahihi kabisa: mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache, na kileo humkolea zaidi. Lakini mtu asiyejua mabadiliko hayo akichora mstari kutoka 2014 hadi 2015 ataona wanawake wamelewa kwa ghafla, kumbe kilichobadilika ni kalamu ya mtafiti.

Na hapo tumezungumzia bia ya kiwandani tu, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye lebo. Mbege ya Kilimanjaro ina nguvu gani leo, na itakuwa na nguvu gani kesho kutwa? Ulanzi wa Iringa uliogemwa asubuhi si ulanzi ule ule wa jioni. Mtu aliyekunywa kwa kata, wakipokezana watu sita, atamjibu nini mdadisi anayemuuliza vinywaji vingapi? Gongo nayo ni marufuku kisheria. Ni nani atakayemfungulia mgeni mwenye kalamu na karatasi siri inayoweza kumpeleka polisi? Ndiyo maana tafiti nzuri za Afrika hubeba picha za vyombo vinavyotumika mahali husika, huuliza kila aina ya pombe kwa jina lake, na kumtenga mhojiwa na watu wa nyumbani kwake kabla ya kumuuliza.

MFANO WA JIRANI

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kufanya tafiti kadhaa za kitaifa juu ya vileo kupitia mamlaka yao ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA. Ule wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mtu mmoja katika kila wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe, jumla yao watu 3,199,119. Kwa wanaume ni mmoja katika kila watano. Kwa wanawake ni mmoja katika kila ishirini.

Jambo la kuangaliwa ni mgawanyo wa kanda. Mwezi Julai 2015 serikali ya Kenya iliendesha msako mkubwa wa pombe haramu, nao ulivuma kuliko kote katika eneo la Kati, hata watu wengi wakaamini kwamba hilo ndilo eneo la walevi. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba kanda ya Magharibi iliongoza kwa asilimia 23.8, ikafuatiwa na Pwani kwa asilimia 13.9, ndipo ikaja Kati kwa asilimia 12.8. Sisemi kwamba Kati hakuna tatizo, kwa maana idadi ya wanaokunywa ni jambo moja na ukali wa wanachokunywa ni jambo jingine. Nasema tu kwamba bila kuhesabu, watu wa Magharibi wangeendelea kusahauliwa, na Wapwani wangeendelea kudhani kwamba habari hii ni ya bara.

Aidha, mtu anayetaka kulinganisha tarakimu hizi na za Marekani asifanye haraka. Gallup humuuliza mtu kama huwa anatumia kabisa. NACADA huuliza juu ya matumizi ya siku za karibuni. Mmoja amehesabu wote wanaomiliki baiskeli, mwingine amehesabu walioiendesha mwezi huu.

DAFTARI LA GROSARI

Sasa nimrudie kaka yangu. Mwisho wa mwezi ule mwenye grosari ya jirani alileta daftari lake la mkopo, kama kawaida. Shemeji, ambaye ndiye mtunza fedha wa nyumba ile, aliketi na daftari hilo pamoja na kalamu, akahesabu. Kisha akamwita mumewe.

"Baba Neema, yule binti ulimwambia mbili kila Jumamosi. Jumamosi nne ni chupa nane. Hapa ziko kumi na tisa."

Kaka alitaka kukasirika, lakini maandishi yalikuwa mbele yake. Wakayapitia pamoja. Nane zilikuwa za Jumamosi, kama alivyosema. Nne zilikuwa za siku ya mshahara. Tatu zilikuwa za siku alipokuja mgeni kutoka nyumbani kwao, mtu ambaye haingewezekana kumwacha anywe peke yake. Nne zilizobaki zilikuwa za jioni mbili za mpira. Hakuna hata moja aliyoinywa kwa kificho. Alipoulizwa juu ya desturi yake alijibu juu ya desturi yake, na siku zisizo za desturi zikadondoka njiani.

Nilipozungumza naye baadaye nilimweleza kwamba hayuko peke yake. Katika nchi nyingi wataalamu hulinganisha pombe ambayo wananchi wanasema wameinywa na pombe ambayo viwanda na maduka yanaonyesha kuwa yameiuza. Mara nyingi majibu ya wananchi hufikia kati ya asilimia 40 na 60 tu ya mauzo. Iliyobaki hunywewa na watu wasiofikiwa na madodoso, kama vile wasio na makazi, au husahauliwa, au huonewa haya. Kaka alikuwa ameripoti nane katika kumi na tisa, yaani asilimia 42. Alicheka akasema kumbe naye ni mwananchi wa kawaida.

Lakini shemeji hakucheka. Alikwisha kupiga hesabu nyingine: bei ya zile chupa kumi na moja zilizosahauliwa ilitosha kununua viatu vya shule vya Neema, vile vilivyokuwa vimeahirishwa tangu muhula uliopita kwa sababu "hali ngumu mwezi huu." Neema mwenyewe alikuwapo siku ya dodoso. Alimsikia baba yake akisema mbili, na kwa kuwa ni mtoto anayejua hesabu, nadhani alikuwa na jibu lake.

Sikuandika haya ili kumwambia mtu mzima asinywe. Ninachokuomba, ndugu msomaji, ni mambo matatu mepesi. La kwanza, mdadisi akibisha hodi kwako, mwombe mkae mahali ambapo watoto na majirani hawasikii, kisha mjibu kweli, pamoja na siku ya mshahara, ya mgeni na ya mpira. Anachokiandika ndicho kitakachopelekea zahanati kujengwa au kutojengwa, na mganga kufundishwa au kutofundishwa. La pili, ukisikia kwamba ulevi umezidi, uliza: umezidi kwa nani, tangu lini, na umepimwa kwa kipimo kile kile? Usikubali kumbebesha kijana mzigo wa mzee, wala mwanamke mzigo wa mwanamume, kabla hujaona hesabu.

La tatu ni la nyumbani. Chukua daftari la kurasa chache, andika kila chupa kwa mwezi mmoja, siku na sababu, bila kumwonyesha mtu kama hutaki. Mwisho wa mwezi jumlisha. Kabla ya kujumlisha, andika pembeni idadi uliyodhani kwamba utaikuta, kisha uangalie tofauti.

Kaka yangu amefanya hivyo mwezi uliopita. Alidhani atakuta kumi, akakuta kumi na tatu. Hiyo bado ni zaidi ya mbili kila Jumamosi, naye anakiri. Viatu vya Neema vilinunuliwa tarehe tano.